Majina Kumi na Moja ya Kuluba

Arua, Alhamisi

Shikamoo Mama,

Mguu wako wa kushoto unasemaje? Usinijibu "haujambo" kama unavyomjibu daktari. Niambie kama unafika sokoni Korogwe na kurudi bila kukaa njiani. Mimi mzima wa afya, nakula muhogo na karanga za huku mpaka sketi zimeanza kunilalamikia. Naandika kwa karatasi kwa sababu ulisema kwenye simu nacheka zaidi ya ninavyosema, na kwa sababu najua hiyo kalamu yako nyekundu ya ualimu bado ina wino. Sahihisha tu, mama yangu, nimezoea.

Duka la miwani linakwenda vizuri. Tangu Arua iitwe jiji kila mtu anataka kuonekana amesoma, na miwani inasaidia. Nasaga vioo, nafunga fremu, nawaambia wazee wasome herufi ukutani, nao wanabahatisha kama wanafunzi wako wa darasa la pili.

Sasa lile uliloniuliza mara mbili, mara ya pili kwa ukali: hiyo blogu ni kitu gani na ina faida gani kwa mwanamke wa miaka thelathini na minne? Mama, ni kama ubao wa matangazo, ila uko kwenye simu. Mimi naandika, anayetaka anasoma, na chini yake anaweza kuandika la kwake. Kila Ijumaa naandika kuhusu nyimbo mpya za upande huu wa West Nile. Miaka mitatu sijakosa Ijumaa hata moja, hata ile wiki ya malaria. Si mtaalamu, sijui kupiga hata filimbi, na hilo nimeliandika pale juu kabisa ili asije mtu kunidai cheti. Mimi ni msikilizaji tu mwenye mdomo.

Na nina utaratibu wangu. Wimbo mpya nausikiliza mara tatu: nikifagia duka, nikisaga vioo, na nikila. Ukipita kwenye ufagio lakini ukafa kwenye chakula, nausema. Kuna vijana wawili wa Ajia walitoa wimbo kuhusu mume ambaye kila akiulizwa alikuwa wapi anasema simu haikuwa na mtandao. Nilicheka nikapasua kioo cha mteja. Kuna kwaya nayo ilitoa wimbo wa dakika kumi na nne, nikaandika kwamba hata malaika wana shughuli nyingine. Watu wanapenda. Madereva wa boda pale stendi wananiita "Mama Ijumaa", nami naitika.

Basi, mdomo uliponza kichwa.

Wiki mbili zilizopita ulitoka wimbo wa kijana mmoja wa Koboko anaitwa Taban. Ni kinyozi, jitu kubwa, na aibu kama mwali. Wimbo ni wa Kikakwa, lugha ambayo mimi najua salamu na "njoo ule" tu. Sauti ya Taban nzuri, sikatai. Ngoma ya kompyuta aliyoiweka nyuma ilinikera, kama mtu anagonga bati. Halafu mwishoni wimbo unasimama, na yeye anaanza kutaja majina ya watu. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja, na kila jina kundi la watu linaitikia kwa kelele.

Mama, wewe na marehemu baba mlikwenda dansi. Unajua bendi zetu zilivyokuwa zikitaja majina ya matajiri waliotoa chochote mlangoni. Na huku tuko karibu na Kongo, ambako mtu anajilipia atajwe kwenye wimbo kama anavyojinunulia shati. Mimi nikaona nimeshajua. Sikumuuliza mtu. Nikaandika: "Majina kumi na moja, wimbo robo. Taban, ndugu yangu, ukishauza ukuta wote kwa matangazo, nyumba yenyewe utaiweka wapi? Wiki ijayo nami nitajikusanya, unitaje wa kumi na mbili." Nikaona nimeandika vizuri sana. Nikalala usingizi mtamu.

Jumatatu akaingia dukani Hajati Zubeda, jirani yangu Mnubi anayesuka vitanga vya ukili. Ndiye anayenipikia nikiugua, kwa hiyo ana haki ya kunigombeza. Hakukaa.

"Wewe Mwanaidi, wewe nasema hii watu nalipa Taban?"

"Ndiyo Hajati. Si umesikia majina?"

"Mimi nasikia. Ile majina iko ya wafu! Iko watu ya mama yake, wale nakufa kwa kukimbia. Wewe nacheka wafu ya watu, bana!"

Nilikaa chini kwenye kiti cha wateja. Hajati akanieleza. Wakati ule wa vita, zamani, Koboko yote ilihama kwa miguu, wengine Kongo, wengine Sudani. Mama yake Taban, anaitwa Kiden, alikuwa msichana. Walitoka nyumbani watu kumi na wawili. Akarudi yeye peke yake. Miaka yote hii hao kumi na moja hawajafanyiwa ile siku yao ya mwisho, ambayo huku ni lazima: ukoo unakusanyika, marehemu anaitwa kwa jina lake nyumbani kwake, watu wanamwitikia, wanacheza ngoma, ndipo msiba unafungwa. Bila hiyo, wanasema, maiti bado yuko njiani. Sasa Mama Kiden amefuga, amelima, amepanga siku. Wimbo ule ndio ulikuwa utumike kuwaita.

"Sasa boda ya Koboko wote naita Taban: nitaje mimi, nitaje mimi! Mama yake nasikia. Nasema wimbo hapana ingia kwa boma yake. Nasema afadhali watu yake nakaa kimya, kuliko nachekwa."

Hajati akaondoka bila kuaga. Mama, nilitaka kuyafuta maneno yale pale pale. Kidole kilikuwa juu ya simu. Lakini nikajiambia, Mwanaidi binti wa mwalimu, kufuta ni kukimbia, na hao waliokwisha soma nitawafuta na nini? Nikaandika pale juu kwa herufi nene: "Nimekosea. Sikuuliza. Nakwenda kuuliza." Jumatano nikafunga duka, nikanunua sukari na sabuni kama mtu anayekwenda msibani, nikapanda gari la asubuhi mpaka Koboko, halafu boda mpaka Kuluba, kijiji chao.

Taban alikuja kunipokea barabarani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akanipokea mfuko wa sukari tu, akatazama chini. Hilo liliniuma kuliko tusi.

Mama Kiden alikuwa amekaa kwenye mkeka anabangua karanga. Mwembamba, kichwa kimenyolewa. Hakuniambia karibu. Alisogeza ungo mpaka mbele yangu, maana yake bangua. Nikabangua. Muda mrefu, Mama, mpaka vidole vikauma, yeye ananitazama mikono.

"Wewe natoka wapi?"

"Tanzania, mama."

"Eh. Askari ya Tanzania mimi naona, wakati ya vita. Moja nazungumza na sisi, Kiswahili yake kama yako, tamu sana. Sisi hapana elewa kitu." Akatema ganda. "Soma ile yako."

"Mama, nimekuja kuomba..."

"Soma."

Nikasoma. Kila sentensi Taban anaigeuza Kikakwa, kwa sauti ya chini, mambo ya kujitukana mwenyewe mbele ya mama yake. Nilipofika kwenye ngoma inayogonga kama bati, Mama Kiden akainua mkono.

"Hapo iko kweli. Hii ngoma yake iko mbaya. Mimi nasema kwa yeye."

Taban akasema, "Mama, iko ya kisasa!"

"Kisasa iko mbaya."

Nikataka kucheka, nikaogopa. Nikamaliza kusoma, mpaka lile la wa kumi na mbili. Nikamwambia, kwa lugha rahisi niliyoweza, kwamba nilidhani najua na sikujua, na kwamba nimewatia aibu watu wake na yeye mwenyewe, na kwamba naona aibu. Machozi yalinitoka, sikuyaficha.

Akasema, "Mimi hapana taka kulia yako. Wewe iko na kalamu?"

Nilikuwa nayo. Akanitajia. Wa kwanza baba yake, fundi wa majembe, aliyezikwa kando ya barabara Kongo. Wa pili mama yake. Bibi yake aliyekataa kubebwa. Shangazi aliyekuwa anajua kuiga sauti ya kila mtu kijijini. Kila mmoja na kitu chake kimoja, hakupenda niandike zaidi ya hicho. Wa saba alikuwa Lemi, mdogo wake wa miaka sita, ambaye Kiden mwenyewe ndiye alikuwa amemshika mkono asubuhi ile ya kuvuka mpaka. Watu walisukumana, mkono ukaponyoka. Walimtafuta siku tatu. "Wengine iko na kaburi. Lemi hapana na kaburi," alisema, akaenda kwa wa nane.

Nilipomaliza nikamwuliza, na wimbo je? Utaingia nyumbani kwake siku hiyo?

"Mimi naona kwanza wewe naandika nini."

Ijumaa niliandika. Hakuna mzaha hata mmoja, Mama, wala sifa kwa Taban. Majina kumi na moja, na mstari mmoja kwa kila mtu kama alivyousema yeye, na jina la kijiji. Nikaweka wimbo chini yake. Nilijua nimeandika vizuri, safari hii si kwa kujidai. Ila nilikuwa na hofu, maana uamuzi ulikuwa wake, na yeye bado hajasema neno.

Kabla sijafika mwisho wa habari hii, niweke salamu hapa, maana nikishaandika yaliyotokea jana sitakuwa na mkono wa salamu. Msalimie kaka Hemedi na umwambie ile miwani aliyoikalia si ya kuungwa, anunue mpya. Msalimie shangazi Mwajuma mwenye genge, yule anayekusomea barua zangu bila ruhusa. Wifi na mtoto mchanga nawabusu. Mjomba Athumani, muadhini wetu, mwambie aniombee dua, nami huku swala sijaacha.

Basi. Juzi Jumanne, nikila mchana, nikafungua simu. Chini ya yale majina palikuwa na maneno ya msichana anajiita Furaha, wa Aba, ng'ambo upande wa Kongo. Nakunakilia kama yalivyo: "Mimi nimesoma hii. Baba yangu anaitwa Lemi. Waliomulea walimuokota mu njia wakati ya vita, alikuwa mutoto. Anasema kwao ni Kuluba, na dada yake alikuwa Kiden. Ule dada ni muzima?"

Chakula kikanishinda. Nikafikiri matapeli, dunia imejaa, na mtu akisoma jina lolote anaweza kulivaa. Nikampigia Taban, nikamwambia usimwambie mama kitu. Jana tukaenda wote wawili na namba ya simu aliyoiacha Furaha. Mama Kiden alikuwa anapepeta mtama kwa ajili ya Jumamosi hii, siku ya watu wake. Taban akajaribu kuzunguka zunguka na maneno, akashindwa, akamwambia yote.

Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akasema, "Piga."

Tukapiga. Sauti ya mwanaume, nzito, ikaanza kumsalimia kwa Kikakwa kilichochakaa. Mama Kiden akamkatiza. Taban akanigeuzia sikioni: anamwuliza mbwa wao alikuwa anaitwaje. Mama, huku mbwa anapewa jina la kuwasema majirani, na hilo jina nyumba nyingine haina. Nami kwenye blogu sikuandika mbwa yeyote, wala sikujua kwamba walikuwa na mbwa.

Yule mtu akanyamaza. Nikasema moyoni ndiyo hivyo, tapeli amekwama. Halafu akasema neno moja, na akaanza kulia kama mtoto wa miaka sita. Taban akaninong'oneza maana ya jina: "Mtachoka Wenyewe."

Mama Kiden alishikilia simu kwa mikono miwili. Aliongea naye mpaka salio likakatika, tukaongeza, likakatika tena. Sikuelewa hata neno, nikalia tu pamoja nao. Lemi anakuja Ijumaa, kesho, na Furaha na wengine wanne.

Alipotulia akaniangalia, mimi na simu yangu. Hakunishukuru na sikuhitaji. Akamgeukia mwanawe.

"Taban. Peleka wimbo kwa studio leo. Jina ya Lemi toa." Akavuta ungo wake, akaanza kupepeta. "Kumi inatosha."

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi