Waliomwitikia Mzee Jilo

Malindi,
7 Septemba 1999

Kwa Baba yangu, Mzee Jilo,

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, na ninaomba barua hii iwakute nyote hapo Minjila mkiwa na afya. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Na yule ndama wa Ikhlas, ameweza kusimama? Huku joto limepanda na maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, lakini tunajikaza.

Barua yako aliyokuandikia Ikhlas niliipata juzi, na nimeisoma mara nne. Unasema wachungaji wetu walioko Witu wamekataa kuteremsha ng'ombe kwenye malka ya Wema, ile njia ya kwenda mtoni mliyokubaliana na wakulima, kwa madai kwamba ulinena peke yako. Unasema pia kwamba Ijumaa baada ya swala utamtaka Mzee Hiribae, msemaji wa wakulima wa Wema, ashike Msahafu mbele ya watu, aape kwamba aliyaitikia maneno yako siku ile, kwa kuwa umeanza kuamini amegeuka. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujafanya hivyo.

Nianze na kazi yangu, maana hujawahi kuiona. Wale watu wa amani niliokuja nao Minjila na kinasa sauti wana mashine hapa ofisini. Mtu akipiga nambari ya mashine hiyo, inapokea na kumsikilizisha mapatano yenu. Lakini kanda haiwekwi kama ilivyo. Simu haipitishi sauti nzito sana wala nyembamba sana. Hupitisha ya katikati tu, na kelele ndogo ya nyuma hugeuka mvumo unaomeza maneno. Kwa hiyo naiingiza kwenye kompyuta, naipunguza uzito, nasawazisha palipopanda na paliposhuka. Kisha nakwenda kibanda cha simu cha posta, napiga na kusikiliza.

Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Wewe ulikuwa karibu na maikrofoni, wenzako walikuwa mbali, na upepo ulikuwa unavuma. Nilihangaika siku mbili. Mara ya tatu kila neno lako lilifika. Bi Esha, mkuu wetu, alipiga akasema hajapata kusikia kanda safi kama hiyo. Nilifurahi.

Wiki iliyopita Diba, anayewaongoza wachungaji, alinipigia kutoka Witu. Alimaliza salamu zote kwanza, akanitania kwamba siku hizi nanuka samaki. Kisha akaeleza kwamba wanaume kumi na wanane walikaa kwenye duka la Idris, simu ikawekwa kwenye spika, wakasikiliza mara mbili. Ng'ombe saba walikuwa wamekufa wiki hiyo, na walitamani sana kuamini. Akasema, "Mzee Jilo tumemsikia vizuri. Waliomwitikia wako wapi?"

Kwetu mzee hasemi jambo zito bila watu kumwitikia "hee" kila anapopumua. Neno lisiloitikiwa ni la msemaji, si la watu. Hilo nilijua kabla sijajua kusoma. Diba alisema wengine wanaamini ulilazimishwa, wengine kwamba umenunuliwa. Wasipopata neno la kuaminika kufikia Jumatatu hii inayokuja, watashuka kupitia mashambani na mikuki yao. Wakulima nao wameiacha malka bila kuipanda mwezi mzima, na wamechoka kungoja.

Akaniuliza kama kuna kilichokatwa. Nilimjibu, "Hapana, kanda iko vile vile."

Baba, nilidanganya. Nilikata. Zile "hee" zilitoka mbali, na simu ilizigeuza mkoromo juu ya maneno yako. Niliziondoa zote, thelathini na moja, nikaziba mapengo ili maneno yako yafuatane. Jana nimezihesabu kwenye kanda ya kwanza, ile isiyokatwa. Kumi na tisa ni za Hiribae. Namtambua kwa kile kikohozi chake. Hakugeuka. Aliitikia hata pale uliposema malka isipandwe mpaka mvua, ambapo wawili wa kwao walinyamaza. Nilimdanganya Diba kwa sababu Bi Esha alikuwa amekaa mbele yangu, na kwa sababu katika miaka kumi na minne ya kazi hii sijawahi kuambiwa nimeharibu habari.

Leo asubuhi nimemwambia Bi Esha. Tumeanza upya, nimeziinua sauti za waitikiaji moja moja. Bado kuna mvumo, lakini wanasikika, na kuanzia kesho adhuhuri atakayepiga atawasikia. Mimi naondoka alfajiri kwenda Witu. Diba nitamwambia nikiwa mbele yake. Barua hii anakuletea Swaleh, dereva wa lori la saruji, pamoja na ile kanda ya kwanza.

Usimwapishe Hiribae. Amekuitikia mara kumi na tisa; ukimwapisha hataitika tena, yeye wala watu wake. Ijumaa mkikusanyika, Ikhlas asome barua hii kwa sauti, pamoja na jina langu. Usinifiche kwa kuwa mimi ni mwanao. Hiribae akidai ng'ombe wa fidia kwa kutiliwa shaka, achague katika wangu.

Nisalimie majirani na wote wanaoniulizia. Msalimie Mama sana, na umwombe asinitetee.

Mwanao,
Abdikarim Jilo