Kiota Kisichotaka Ndege

Mwenzangu, kaa kwanza. Nikusimulie ya leo.

Si unakijua kile kiota kikubwa cha mianzi ninachokisuka ufukweni wiki ya tatu sasa? Kile cha yule mama msanii, eti “Viumbe Wote ni Ndugu”?

Leo asubuhi nimekuta ndege wa kweli kajenga humo ndani. Na mayai mawili! Nikakimbia kumwambia, nafurahi kama mjinga.

Akatazama juu, akakunja pua. “Watatuchafulia. Toa.”

Nikamwambia, “Lakini mama, si ndiyo maana ya kazi yenyewe?”

“Nimesema toa. Wageni wako njiani.”

Toa! Ndugu wa viumbe huyo!

Saa moja baadaye kashika kipaza sauti, bila haya wala soni, machozi yanamlengalenga: “Tuwakaribishe viumbe nyumbani kwetu.” Watu makofi. Ndege mwenyewe anazunguka juu yao analia, wanampiga picha!

Na aliyepanda ngazi kukitoa kiota cha huyo ndege ni mimi. Mimi!

Mikono nimeiosha mara tatu. Unajua kinachonikera zaidi? Kile kijumba cha ndege kilikuwa kimesukwa vizuri kuliko changu.