Maswali Niliyoyajibu Mwenyewe

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, na hii ya pili ipokee vizuri, maana ukifika mwisho wa barua utasema mtoto huyu adabu kaiacha wapi. Magoti yako yanasemaje msimu huu wa korosho? Ile dawa ya kuchua niliyompa kaka akuletee ilifika, au aliisahau kwenye basi kama kawaida yake? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mbovu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka spika, baraza zima hapo Newala linasikia. Hii isome peke yako, chumbani.

Unakumbuka nilikwambia nimepata kazi kwenye mradi wa utafiti, ule wa madaktari wetu wa hapa na wenzao wa chuo kimoja cha Ulaya. Wanataka kujua kina mama wanaofanya biashara Kariakoo wanajikingaje na Ukimwi, na nani aanze kupewa sindano mpya ya kinga. Ukichomwa hiyo kila baada ya miezi miwili, virusi havikupati kirahisi. Kazi yangu ilikuwa kuwahoji. Namwita mama kwenye chumba cha nyuma cha duka moja Mtaa wa Sikukuu, naomba ridhaa yake, nauliza, nabonyeza majibu kwenye kishikwambi. Ambaye majibu yake yanaonyesha yuko hatarini anaitwa kliniki, anapimwa na kuelezwa habari za sindano.

Wasichana wenzangu niliwauliza bila taabu, tena tulicheka. Lakini Mama, anaingia mtu wa umri wako, nimeshampa shikamoo, ameshaniitikia marahaba mwanangu, ameshaniuliza kwetu wapi, halafu nimwambie, "Miezi mitatu iliyopita umelala na wanaume wangapi?" Nitaanzaje? Wewe ni kungwi, umewafunda mabinti wote wa mtaa wetu bila kupepesa macho, mimi nikiwemo. Kwetu maneno hayo yanatoka kwa mkubwa kuja kwa mdogo. Hakuna aliyenifunda kuyapandisha juu.

Basi nikawa nayajibu mwenyewe. Nikifika sehemu ile nakohoa kidogo, nasema, "Haya mengine ni ya ofisi tu," nabonyeza hapana, hapana, hakuna. Nilijiambia nawaheshimu watu wazima. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa uso wangu mwenyewe.

Siku moja wakaja wageni kutoka kule chuoni, tukakaa kikao ofisini Posta. Mama mmoja wa kizungu, mtafiti wao, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Fomu za Somoe hazina pengo hata moja. Safi sana!" Watu wakapiga makofi, na mimi nikachekelea. Halafu akaeleza kwamba kwa majibu haya kina mama waliovuka miaka arobaini na tano hawana hatari kubwa, sindano zielekezwe kwa vijana. Nikainamia daftari langu. Ningeweza kunyoosha mkono siku ile, Mama. Sikunyoosha.

Wiki tatu zilizopita daktari mkuu wa mradi akaniita kliniki, kule Upanga. Nikamkuta na mama mmoja muuza viungo. Nitamwita Bi Mwanaidi, ingawa si jina lake, maana siri yake si yangu kuitangaza. Ni mtu wa Masasi. Nilipomhoji alifurahi kusikia natoka kusini, akanifungia iliki kwenye gazeti, eti nikaungie chai. Sasa amepimwa, ana virusi. Ana mwanaume wake wa miaka mingi, dereva wa malori ya Tunduma. Na mkononi alikuwa na cheti cha kipimo cha mwezi uleule niliomhoji. Wakati ule alikuwa mzima, Mama. Alikuwa mzima! Alitaka tu kujua kwa nini jirani yake sokoni aliitwa kwenye sindano, yeye hakuitwa.

"Somoe," Daktari akasema, "hapa umeandika mama hana mwenza. Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, Daktari."

Nilisema hivyo, macho makavu.

Bi Mwanaidi akanitazama. Nikajua hapa ananimaliza. Akasema taratibu, "Labda aliniuliza, mimi ndiye nimesahau. Biashara hizi, kichwa kinajaa."

Alikuwa ananiokoa! Ana siku nne tu tangu apewe majibu yale, na anasema uongo ili mimi nisifukuzwe kazi. Wallahi nilitamani sakafu ipasuke. Nikaanza kulia, nikasema sikumuuliza, yeye wala wenzake, watu wazima wote sikuwauliza.

Daktari akavua miwani. "Sasa wenzetu kule niwaandikie nini? Kwamba mpango mzima tumeupanga kwa majibu ya mtoto anayeona haya?"

Tulipotoka nje Bi Mwanaidi akanishika mkono. "Ungeniuliza ningekwambia, mwanangu. Mambo yale sikuwa na wa kumwambia." Afadhali angenizaba kofi.

Ameanza dawa, na sokoni anaendelea kuuza. Mimi nimeondolewa kwenye kuhoji. Kwa sasa nafuatana na mhojaji mwingine, mwanamke wa makamo kutoka Moshi asiyeona haya na mtu, tunawarudia kina mama wote niliowaruka. Mimi kazi yangu ni kuomba radhi, kisha natoka nje. Mmoja, muuza vyungu, alinicheka mpaka akashika mbavu: "Kumbe ndiyo haya tu yaliyokushinda?" Wengine walinuna. Wageni wa Ulaya wameshaandikiwa, na ile habari ya kuwaacha watu wazima imesimamishwa. Nikiisha kuwarudia wote ndipo nitajua kama kazi bado ninayo.

Nisalimie kaka na mkewe, mwambie shangazi mshona mikeka kwamba mkeka wake ndio ninaoulalia, na mwalimu wangu wa madrasa mfikishie heshima zangu.

Salamu zimekwisha na bado sijasema nililokaa kuliandika. Karatasi mbili nimezichana.

Mama, Baba anakaa Msumbiji miezi minane kwa mwaka. Wewe unajua ana nyumba nyingine kule, na mimi najua, na hatujawahi kulitaja. Karibu korosho zitaisha, atarudi. Akirudi mnatumia kinga? Na wewe, tangu alipoondoka, yupo mwingine? Hata kama yupo sitakushusha hata kidogo machoni pangu. Nitukane ukitaka, nitaitika abee. Ila nijibu.

Umepima lini, Mama?

Mwanao,
Somoe