Hakuna Kipindi, Hakuna Ngoma

Jumatatu, 3 Februari

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wa Katubuka ni tope tupu, nimefika shule viatu mkononi. Nimesahihisha michoro ya Darasa la Tano. Nusu yao bado wanachora ziwa kama mstari mmoja na jua juu yake. Wanaliona kila siku na bado wanachora la kwenye kitabu. Wiki ijayo nitawashusha mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, wakalitazame.

Kikao saa nane. Mkuu kasema matokeo ya Darasa la Saba yametuaibisha kata nzima. Kwa hiyo vipindi vya Sanaa vya la Tano, la Sita na la Saba vinakwenda Hisabati. "Kwa muda," akasema. Ratiba ya ukutani haitaguswa kwa sababu ndiyo wanayoisoma wageni. Yaani ukutani Sanaa, darasani Hisabati. Mwalimu Shabani, ambaye ndiye wa Hisabati, alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu. Hakuna aliyenitazama.

Mwaloni hatuendi tena.

Jumanne, 4 Februari

Sikulala vizuri. Hasira.

Nimemfuata Mkuu ofisini. Si mtu mbaya, ni mwoga tu, na mwoga mwenye muhuri ni kazi kumweleza jambo. Kanipa upenyo: niandike ukurasa mmoja kuonyesha Sanaa inasaidiaje Hisabati, atanirudishia kipindi kimoja. Nimekaa na karatasi mpaka jioni. Ningeweza kuandika kwamba mapigo ya ngoma ni sehemu, na chungu ni ujazo. Vyote ni kweli.

Nimeichana. Mbona Hisabati haijawahi kuombwa karatasi ya kuonyesha inasaidiaje kuimba?

Alhamisi, 6 Februari

Kipindi cha tano. Kilikuwa changu na Darasa la Tano. Nimekaa ofisi ya walimu nikimsikia Shabani ng'ambo ya ukuta anafundisha kugawanya.

Mapumziko alinijia Esperansi. Wazazi wake walitoka Burundi, Kiswahili chake bado kinatembea na Kirundi, na darasani huketi nyuma akiomba asiitwe. Kwenye ngoma hakuna wa kumkalisha nyuma. Yeye ndiye mshika ngoma kubwa, na ndiye mwanikaji. Ngoma zetu ni tatu, ngozi ya ng'ombe, ziliwambwa na fundi wa Ilagala. Msimu wa mvua ngozi hunyonya unyevu na kulegea. Lazima zikae juani asubuhi, au zipashwe moto wa makuti ya michikichi, ndipo ziseme.

"Madamu, leo hatuanike?"

Nikamwambia leo hapana. Akasema zitaoza, akaenda zake. Nimerudisha ufunguo wa stoo ya ngoma kwa Mkuu.

Ijumaa, 14 Februari

Nilijua. Wallahi nilijua.

Alhamisi ijayo anakuja mgeni rasmi kufungua madarasa mawili mapya. Mkuu kaniita na tabasamu pana kama mlango wa ghala. "Madam, tuandalie ngoma na kangonjera kafupi, watoto wachangamke."

Nimemjibu: kipindi hakuna, ngoma hakuna. Akacheka, akidhani natania. Nikarudia. Akaacha kucheka.

Miaka kumi na moja niko hapa. Kila mgeni akija, mimi ndiye wa kwanza kuitwa. Akiondoka, nakuwa mwalimu wa michezo. Wanadhani ngoma huota zenyewe kama uyoga, mtu anapita tu asubuhi kuzichuma.

Jumatatu, 17 Februari

Barua. Natakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua. Nimejieleza kwa mstari mmoja, ule ule wa Ijumaa.

Jioni nimepita Ujiji kwa mama. Alishasikia, sijui kwa nani. "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu." Nimemwambia nimeubusu miaka kumi na moja, midomo imechubuka. Hakucheka. Ana hofu nitahamishwa Kagunga, nirudi kwa boti kumwona mara mbili kwa mwaka. Nami hofu hiyo ninayo. Naiandika hapa ili nisiibebe shuleni.

Lakini Kagunga nako kuna watoto.

Jumatano, 19 Februari

Mkuu amempa Shabani kazi ya ngoma. Maskini Shabani. Kaja kuniuliza zinaanza vipi, nani anatangulia. Nimemweleza: kubwa inaita, ndogo zinajibu. Kuhusu kuanika sikumwambia, na leo kutwa nzima jua lilikuwepo.

Nimenyamaza makusudi. Sijivunii. Shabani hajanikosea, na watoto ndiyo kabisa.

Alhamisi, 20 Februari

Niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Mgeni alifika saa nne, mama wa rika la mama yangu. Wanafunzi wamepangwa mistari miwili. Ngoma zilitolewa stoo dakika ile ile, kutoka pembeni ya mifuko ya saruji. Shabani akatoa ishara. Esperansi akapiga ile kubwa, ikalia kama godoro linalokung'utwa. Akapiga tena. Wengine wakacheka. Esperansi akanitazama, machozi yamejaa, na nikajua mtu niliyemwadhibu ni yeye.

Mgeni akauliza ngoma zina nini. Mkuu akageuza macho kwangu. Nikasimama.

Nikasema: "Shikamoo mama. Ngoma hazijaanikwa, na kosa hilo ni langu, nilijua nikanyamaza. Lakini hizi ni za kufundishia, si za kupambia wageni. Ratiba iko ukutani pale. Leo Alhamisi, kipindi cha tano ni Sanaa, Darasa la Tano. Kinaanza sasa hivi. Ukipenda, karibu ukae nyuma."

Mgeni akaomba kiti.

Basi nikafundisha. Tukawasha makuti nyuma ya jiko. Esperansi akazungusha ngoma moja moja karibu na moto, akigonga kwa kidole na kusikiliza, akikataa, akirudisha. Dakika kumi na tano watu wazima wenye suti wakingoja ngozi ikauke. Kisha nikawafundisha pigo moja tu. Hakuna kucheza, hakuna wimbo wa kumsifu mtu. Wakakosea, nikawasimamisha. Wakakosea tena, nikawasimamisha. Mara ya nne Esperansi akaanza kuwahesabia wenzake kwa sauti, kwa Kirundi: rimwe, kabiri, gatatu. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya watu. Wakashika. Kengele ililia, hawakuacha.

Mgeni akamuuliza Mkuu wanasoma hivi mara ngapi kwa wiki. Mara moja, akajibu. Ukutani ni kweli. Esperansi akasema kutoka nyuma ya ngoma, bila ubaya wowote: "Hapana. Siku hizi ni Hisabati."

Mgeni aliitazama ile ratiba kwa muda mrefu. Akaenda kukata utepe.

Ijumaa, 21 Februari

Barua ya onyo. Nimesaini. Inasema nimemdhalilisha mkuu wangu wa kazi mbele ya mgeni, na sina la kubisha hapo. Kuhusu ngoma haisemi kitu.

Nimemwomba Shabani radhi. Akasema kipindi cha tano hakukiomba, alipewa. Nimemwomba na Esperansi radhi. Hakuelewa ya nini. Kauliza tu pigo linalofuata ni lipi.

Mama kapika samaki wa mgebuka kwa mawese, hakuniuliza kitu. Nimekula sana.

Alhamisi, 27 Februari

Hakuna aliyeniita wiki nzima. Ratiba ya ukutani ni ile ile. Hakuna tangazo.

Asubuhi anga safi. Nimefika saa moja na nusu nikakuta ngoma tatu zimepangwa kando ya ukuta wa darasa jipya, nyuso zimeelekea jua. Esperansi amekaa pembeni, anazigeuza. Nimemuuliza nani kampa ufunguo. Mkuu, akasema. Nikauliza Mkuu alisemaje. Hakusema kitu, alimpa tu.

Kipindi cha tano Shabani alitoka na chaki zake. Nikaingia.

Leo tumeongeza pigo la pili.