Wafula Amepewa Ng'ombe Wangu

Kitale, Jumanne, Machi 1948

Leo tena nimesinzia nikiongoza ng'ombe wa plau, mstari ukapinda mpaka kwenye majani. Nyapara akacheka: "Mzee, unalima ama unaota?" Akampa Wafula kamba.

Wafula! Tulitahiriwa mwaka mmoja kule Bungoma, na mvi zake ni nyingi kuliko zangu, lakini jua la saa nane halimfumbi macho. Ng'ombe wangu walimfuata bila kusita. Hilo ndilo liliniuma.

"Pumzika, bakoki," akaniambia, kama rika kwa rika. Heri angenitukana.

Kesho napalilia na vibarua. Nikisinzia huko pia, nitafukuzwa, na nyumbani wananitegemea...

Sasa Wafula anakoroma kando yangu katika kibanda chetu, mimi niko macho kabisa. Hata usingizi wa usiku amechukua yeye.