Ngano ya Arobaini Yako

Mama Despina,

Jumapili tumekufanyia arobaini. Nakuandikia kwa Kiswahili, maana kile Kiingereza tulichokuwa tukibahatisha sote wawili kimeniishia tangu uondoke.

Chumbani kwako juu, hapa Ladywood kwa Waingereza, amehamia mtu mwingine. Anabamiza mlango. Wewe ulikuwa ukiteremka taratibu na kahawa yako, unanikuta nimekikodolea macho kitabu cha uuguzi, maneno yake marefu yakinitoa jasho. Siku ile ya kwanza uliketi, ukaninyang'anya kitabu. “Kardia ni moyo. Ema ni damu. Mwanangu, haya ni maneno ya Kigiriki, ya jikoni kwa mama yangu, mbona unayaogopa?” Ukawa unayafumua moja moja, huku ukinihadithia waganga wenu wa kale na wafalme wa Bizanti, mpaka ukafika kwa bibi yako, aliyekuwa akiimba kwa lugha hiyo hiyo huku akikamua mbuzi kule kisiwani Kupro. Karne zote hizo, na lugha bado inaimbiwa mbuzi! Nilikuvulia kofia. Nilipofaulu mtihani, uliringa kunishinda.

Halafu vita vikakichukua kijiji chenu, ndugu zako wakatawanyika. Ukabaki na hofu moja tu, kwamba ukifa hutakuwa na wa kukupikia ngano ya arobaini. Kwenu aliye wa marehemu, yaani jamaa yake, ndiye huipika, akaipeleka kanisani, akasimama kando ya sinia jina likisomwa. Nilisema nitapika mimi. Ulicheka, ukanishika shavu.

Nimepika, Mama, na nikaiharibu. Kwetu Tanga nafaka ya kuchemsha tunaila na rojo lake, na hiliki juu. Basi nikaimwaga kwenye sinia ikiwa chepechepe, nikaifunika kwa sukari. Sukari ikayeyuka, msalaba niliouchora ukazama mbele ya wanawake wa kanisa lenu. Nililia kama mtoto. Bibi mmoja akaja na taulo, akaikausha, akanyunyiza unga uliokaangwa, tukaweka sukari upya. Akaonja, akauliza ina nini. Nikamwambia ni hiliki. Akachota kijiko cha pili.

Padri akauliza nani ni wa marehemu. Nilisogea.

“Mimi. Ni mwanawe.”

Hakuna aliyebisha. Jina lako likasomwa nami nimesimama pale.

Lala salama, Mama. Kila mwaka nitapika, na kila mwaka wakiuliza, nitasogea.

Mwanao,
Rehema