Siku Tuliyolima Shamba la Bi Mwanaidi

Mjukuu wangu Neema,

Katika ukoo huu hakuna mwenye bahati kunishinda. Nikikohoa tu, watu wanajaa! Marahaba, najua shikamoo yako iko njiani. Hapa Kongowe tu wazima, ila bibi yako amenuna, nimemaliza sukari yake.

Unauliza kikundi chenu huko Dodoma kitapataje watu wa kumtetea yule mama anayefukuzwa kwenye nyumba yake. Umeuliza bingwa.

Nilipokuwa kijana kule Marui, jirani yetu Bi Mwanaidi alifiwa na mumewe. Shemeji yake akatangaza kwamba Jumamosi analeta mnunuzi wa shamba la mjane huyo. Jumamosi hiyo alfajiri kijiji kizima kilikuwa shambani na majembe, mstari mmoja, mimi katikati kama jenerali. Na kwetu mstari wa kulima ukishaanza hausimami mpaka mwisho wa shamba.

Shemeji akafoka, "Nani kawaita nyie?"

Mzee mmoja akajibu bila kuinua kichwa, "Ngoja tufike mwisho, bwana. Au chukua jembe."

Mnunuzi alitutazama, akamwambia, "Ndugu yangu, shamba hili lina wenyewe." Akaondoka zake. Bi Mwanaidi alivuna mihogo yake pale mpaka uzeeni, na mimi natamba mpaka leo.

Sasa kwa kuwa unao watu wa kuwatafuta, nikwambie. Ile bahati ya kukohoa watu wakajaa ni uongo mtupu. Nilibisha hodi nyumba kwa nyumba siku nne, na wengi walinikatalia mara mbili kabla ya kukubali.